Jiji linapojengwa kuzunguka vituo: Nani atabaki Buguruni?

Na Mwandishi Wetu

KWA zaidi ya miaka 100 treni imekuwa ikipita Buguruni, lakini Buguruni haijawahi kujengwa kwa ajili ya treni. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga jijini Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, ilipita katika eneo hili wakati likiwa bado mashamba na minazi. Nyumba zilifuata baadaye, kila moja ikijitafutia nafasi yake.

Leo hii hali imebadilika. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, maarufu kwa jina la SGR, inapita karibu na makazi hayo. Barabara ya Uhuru imo katika awamu ya tatu ya mradi wa mabasi yaendayo haraka, na Barabara ya Mandela imepangiwa awamu ya tano. Kwa maneno mengine, Buguruni inageuka kuwa njia panda ya usafiri mkubwa wa umma.

Penye njia panda ya namna hiyo, wataalamu wa mipango miji hushauri ujenzi wa makazi ya ghorofa, maduka, ofisi na huduma za jamii ndani ya umbali ambao mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi kituoni. Ushauri huo una faida nyingi. Hata hivyo, unabeba pia swali ambalo mkazi wa kawaida wa Buguruni, anayepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, ana kila sababu ya kuliuliza: mji huo mpya ukishajengwa, yeye atakuwa wapi?

Makala haya yanaeleza maana ya mpango wa aina hiyo, vyombo vya usafiri vinavyohusika, sheria zinazotawala ardhi na fidia, pamoja na mafunzo yanayopatikana Kariakoo, Magomeni na katika miji mingine ya Afrika Mashariki.

Buguruni ni wapi na ikoje

Buguruni ipo katika Wilaya ya Ilala, takriban kilomita nne kutoka Kariakoo, mahali ambapo Barabara ya Uhuru inakutana na Barabara ya Mandela. Tangu Februari 2021, ilipovunjwa Halmashauri ya Jiji ya zamani na Manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi, eneo hili limo chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Majina ya vituo vyake yanafahamika kwa kila abiria wa daladala: Sheli, Malapa, Rozana, kwa Mnyamani. Lipo soko kubwa la vyakula na matunda linaloanza kazi kabla ya alfajiri, na ipo Shule ya Viziwi Buguruni, inayojulikana nchini kote.

Sehemu kubwa ya makazi haya ilijengwa bila kupimwa. Nyumba iliyoenea ni ile ya Uswahilini: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua wa pamoja nyuma na mara nyingi fremu ya duka mbele. Mwenye nyumba huweza kuishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, kwa kodi inayotakiwa kulipwa miezi sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo.

Ni makazi yenye msongamano, yenye vichochoro vyembamba, na katika sehemu za mabondeni kuelekea Mto Msimbazi yapo yanayosumbuliwa na mafuriko. Pamoja na hayo, yana kitu kimoja ambacho wakazi wengi wa pembezoni mwa jiji hawana: ukaribu na kazi. Kuli wa Kariakoo, mama lishe, fundi cherehani na mbeba mizigo wa sokoni wanaweza kufika kazini kwa nauli moja, au kwa miguu pale nauli inapokosekana.

Jiji lililokua kuliko mipango yake

Dar es Salaam haijakosa mipango. Mpango kabambe wa kwanza baada ya Vita Kuu ya Pili ulitolewa mwaka 1949, ukafuatiwa na ule wa 1968 na mwingine wa 1979. Tatizo ni kwamba jiji lilikua haraka kuliko michoro. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 4.36 mkoani humo, na ile ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika kipindi cha miaka kumi.

Kwa kuwa viwanja vilivyopimwa vya bei nafuu vilikuwa haba, watu walijenga popote walipopata ardhi, na jiji likatanuka kwa kufuata barabara kuu nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Matokeo yake ni safari ndefu za kila siku kuelekea katikati, asubuhi kwenda na jioni kurudi.

Mwaka 2008, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Japani (JICA), jiji lilipata mpango kabambe wa usafiri, ambao ulipitiwa upya mwaka 2018. Katika mipango hiyo, mabasi yaendayo haraka na reli za abiria ndiyo nguzo ya usafiri wa baadaye.

Vyombo vinavyokutana Buguruni

Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) ulianzishwa mwaka 2007 kusimamia mfumo uliogawanywa katika awamu sita. Awamu ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 20.9 katika Barabara ya Morogoro na matawi yake ya Morocco na Gerezani, ilianza kutoa huduma Mei 2016 na kuzinduliwa rasmi Januari 2017. Wananchi waliubatiza mfumo huo jina la mwendokasi. Awamu ya pili ikajengwa katika Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala.

Awamu ya tatu ndiyo inayoigusa Buguruni moja kwa moja. Inatoka katikati ya jiji hadi Gongo la Mboto kwa Barabara ya Nyerere, ikiwa na tawi linalotoka Tazara hadi Kariakoo Gerezani kwa Barabara ya Uhuru. Mkataba wa ujenzi wake ulisainiwa mwaka 2022, kwa fedha za Benki ya Dunia. Awamu ya tano nayo imepangiwa Barabara ya Mandela, kutoka Ubungo kuelekea bandarini, ikiungwa mkono na Shirika la Maendeleo la Ufaransa.

Kwa upande wa reli, Oktoba 2012 ilianza treni ya abiria ya jijini iliyopewa na wananchi jina la Treni ya Mwakyembe, kutokana na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe. Treni hiyo ilitumia reli ya zamani kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na Buguruni kwa Mnyamani kilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Reli ya Tazara nayo ilianzishiwa huduma kama hiyo katika kipindi hicho, na stesheni yake kuu ipo mwendo mfupi tu kutoka Buguruni, kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela.

SGR ilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kuzinduliwa rasmi Agosti 1 mwaka huo kwa safari hadi Dodoma. Treni zake zimesanifiwa kwenda kasi ya kilomita 160 kwa saa. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa kituo cha kwanza baada ya stesheni kuu ni Pugu. Hivyo mkazi wa Buguruni huisikia treni hiyo ikipita, lakini akitaka kuipanda hulazimika kwanza kwenda mjini.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya njia na kituo. Njia ya reli au barabara kuu humpa jirani yake kelele, uzio na mzunguko mrefu wa kutafuta kivuko. Kituo ndicho kinachompa safari. Eneo linalopitwa na njia bila ya kuwa na kituo hulipa gharama bila kupata faida.

Maana ya kujenga kuzunguka vituo

Dhana yenyewe ni nyepesi. Mtu wa kawaida yuko tayari kutembea takriban dakika kumi kwenda kupanda basi au treni, yaani kiasi cha mita 500 hadi 800. Ndani ya duara hilo, mpango huruhusu watu wengi zaidi kuishi na kufanya kazi, kwa kujenga kwenda juu badala ya kutanuka kwenda mbali. Nje ya duara, majengo huendelea kuwa mafupi.

Mambo manne huambatana na mpango huo. La kwanza ni mchanganyiko wa matumizi: duka chini, ofisi au zahanati juu yake, makazi juu zaidi. La pili ni njia za waenda kwa miguu zenye taa, mifereji na vivuko salama. La tatu ni kupunguza maegesho ya magari binafsi, kwa kuwa anayeishi jirani na kituo hahitaji sana gari. La nne ni makazi ya bei tofauti, ili wenye kipato kidogo nao wawemo.

Mji wa Curitiba nchini Brazil, ulioanza mabasi yake ya njia maalumu mwaka 1974, uliruhusu maghorofa marefu kandokando ya njia hizo na kuyazuia kwingineko. Hong Kong ilikwenda mbali zaidi kwa kuipa kampuni ya reli haki ya kuendeleza ardhi iliyo juu na pembeni ya vituo, na mapato ya majengo yakasaidia kugharimia reli yenyewe.

Kwa Dar es Salaam, dhana hii si ngeni. Mradi wa kuboresha usafiri mijini ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, kwa mkopo wa Dola milioni 425 za Marekani, haukuishia kwenye barabara na vituo. Uligusa pia mipango ya ardhi, na mkakati wa kuendeleza ushoroba wa awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni, uliandaliwa chini ya usimamizi wa Ofisi ya Rais, Tamisemi.

Ardhi hupanda bei kabla ya basi kufika

Jambo ambalo michoro haioneshi vizuri ni soko. Mara tu inapojulikana kuwa kituo kitajengwa mahali fulani, bei ya ardhi hupanda, na madalali hufika kabla ya makandarasi. Thamani hiyo mpya haikutokana na jasho la mwenye kiwanja wala la dalali. Imetokana na fedha za umma zilizojenga njia na kituo.

Kwa sababu hiyo, miji mingi hujaribu kurudisha sehemu ya ongezeko hilo kwa umma, ama kwa kodi ya ardhi, ama kwa ada ya kibali cha kuongeza ghorofa, ama kwa kumtaka mwekezaji atenge idadi fulani ya nyumba za gharama nafuu. Mji usiofanya hivyo humwachia faida yote yule aliyewahi kununua.

Anayeathirika zaidi ni mpangaji. Mwenye nyumba akiuza, hupata fedha, hata kama ni kidogo kuliko thamani halisi. Mpangaji hupata taarifa ya kuhama. Kodi za jirani nazo zikiwa zimepanda, hulazimika kusogea Chanika, Mbagala Rangi Tatu au Kivule, na kuanza kulipa nauli mbili au tatu kurudi kwenye kibarua kile kile. Kwa namna hiyo, mfumo uliojengwa ili kufupisha safari za watu wa kipato cha chini unaweza kuishia kuzirefusha.

Sheria inasemaje

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na mwananchi humiliki haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 ndiyo inayotawala ardhi ya mijini. Katika kifungu chake cha 23 inatambua leseni ya makazi, ambayo tangu mwaka 2004 imekuwa ikitolewa jijini Dar es Salaam kwa wenye nyumba katika maeneo yasiyopimwa. Leseni hiyo si hati. Ni ya muda mfupi na inahitaji kuhuishwa, lakini humtambulisha mmiliki mbele ya serikali na hata mbele ya baadhi ya taasisi za mikopo.

Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya 2007 inaipa halmashauri mamlaka ya kupanga na kuendeleza upya maeneo, kwa idhini ya waziri mwenye dhamana ya ardhi. Aidha, inataka wamiliki wa ardhi na wadau washirikishwe, na rasimu ya mpango iwekwe wazi ili wananchi watoe maoni na pingamizi kabla haijapitishwa. Huu ndio mlango wa kwanza wa mkazi, na ndio unaofungwa mapema kuliko yote.

Endapo ardhi itatwaliwa kwa manufaa ya umma, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ndiyo hutumika, pamoja na kanuni za fidia za 2001. Kanuni hizo zinataja vipengele ambavyo kila mmiliki anapaswa kuvifahamu:

Thamani ya ardhi na maendelezo yaliyofanywa juu yake, kwa bei ya soko.

Fidia ya usumbufu.

Posho ya usafiri, kwa ajili ya kuhamisha mizigo.

Posho ya makazi, inayokokotolewa kwa kodi ya mwezi mara miezi 36.

Fidia ya faida inayopotea kwa mwenye biashara, nayo kwa kipindi cha miezi 36.

Malipo yanatakiwa yafanyike ndani ya miezi sita, na yakichelewa yanastahili riba. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 iliongeza kuwa uthamini wa fidia usiolipwa ndani ya miaka miwili hupoteza uhai, na hivyo kazi hiyo hulazimika kufanywa upya.

Msomaji makini ataona kuwa vipengele hivyo vimejengwa kumzunguka mwenye ardhi. Mpangaji wa chumba hana leseni wala hati ya kuonesha. Akiwa na biashara yenye leseni na hesabu zilizoandikwa, anaweza kudai faida inayopotea. Akiwa ni muuza chapati barazani, hana karatasi ya kuanzia. Tena, pale ambapo ardhi haikutwaliwa na serikali bali imeuzwa kwa hiari kwa mwekezaji, kanuni hizo za fidia hazihusiki kabisa. Katika mpango wa kujenga kuzunguka vituo, mauzo ya namna hii ya mtu na mtu ndiyo yanayoweza kuwa mengi zaidi.

Somo la Kariakoo

Hatuna haja ya kwenda mbali kuona jinsi eneo linavyoweza kupanda juu bila ya kuwa na nafasi ya wenyeji wake. Kariakoo, ambayo jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa Jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa mtaa wa nyumba za Uswahili zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango wa kuliendeleza upya eneo hilo uliruhusu majengo marefu, na soko likafanya mengine yote.

Katika kipindi kifupi nyumba za vyumba sita ziliondoka, zikaja ghorofa zenye maduka chini na stoo juu. Biashara ilikua hadi kuvuta wanunuzi kutoka Zambia, Congo, Malawi na Comoro. Hayo ni mafanikio ambayo hakuna anayeweza kuyabeza. Lakini mifereji, maji, njia za zimamoto na nafasi za wazi hazikukua kwa kiwango hicho, na waliokuwa wakipanga vyumba walitawanyika bila ya kuhesabiwa na mtu yeyote.

Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Tukio hilo liliikumbusha nchi kwamba kuruhusu urefu ni jambo moja, na kuusimamia ni jambo jingine.

Lipo pia somo la Machinga Complex, katika Barabara ya Uhuru hiyo hiyo, pale Karume. Jengo hilo lilijengwa kwa mkopo wa mfuko wa NSSF ili kuwapatia wafanyabiashara ndogondogo mahali pa kudumu. Kwa miaka mingi sehemu yake kubwa ilibaki wazi, kwa kuwa mnunuzi wa kitambaa au viatu vya mtumba hapandi ngazi kumfuata muuzaji. Machinga hufuata miguu ya watu, na miguu ya watu hupita chini, kati ya kituo na nyumbani. Mpango wa Buguruni usiotenga nafasi ya mezani na ya baraza katika njia hiyo utajenga jengo jingine la kubaki tupu, huku wafanyabiashara wakikimbizana na mgambo nje yake.

Somo la Magomeni

Mfano wenye matumaini zaidi upo Magomeni Kota, jirani na njia ya awamu ya kwanza ya mwendokasi. Hapo waliishi wapangaji wa nyumba za zamani za manispaa, familia 644, ambao waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili eneo liendelezwe upya. Kwa miaka kadhaa ujenzi haukufanyika, na wakazi wakahangaika huku na kule.

Oktoba 2016, Rais John Magufuli aliagiza nyumba hizo zijengwe na wakazi wa awali warejeshwe. Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) ulijenga majengo yenye nyumba 656, na Machi 23, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliyazindua.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, waliorudi hawakuwa wamiliki wa ardhi, bali wapangaji. Waliweza kurudi kwa sababu majina yao yalikuwa yameorodheshwa na idadi ya familia ilijulikana. Pili, ardhi ilikuwa ya umma, hivyo hapakuwa na viwanja mamia vyenye wenyewe tofauti. Buguruni haina sifa hiyo ya pili. Lakini ile ya kwanza, yaani kuwaorodhesha watu kabla ya kuanza, haihitaji saruji wala nondo.

Mahesabu ya viwanja vinne

Ili kuona jinsi jambo hili linavyoweza kufanyika, tuchukue mfano wa kufikirika wa viwanja vinne vilivyopakana, kila kimoja kikiwa na nyumba ya vyumba sita. Jumla ni vyumba 24, na kwa kawaida hizo ni kaya zisizopungua 20, pamoja na fremu kadhaa za biashara.

Wenye viwanja wakiungana na kuingia ubia, panaweza kujengwa jengo lenye nyumba ndogo 60, pamoja na maduka chini. Wamiliki wanne wakipata nyumba mbili kila mmoja, zinabaki 52. Nyumba 20 zikitengwa kwa waliokuwa wapangaji, kwa kodi iliyodhibitiwa au kwa ununuzi wa muda mrefu, bado 32 zinaweza kuuzwa kwa bei ya soko na kulipia gharama.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila mtu kuwa na hati ya nyumba yake ndani ya jengo la pamoja, hivyo mwenye kiwanja hapotezi umiliki wake kwa kuungana na jirani. Kinachokosekana ni mtu au chombo cha kuwaunganisha, na sharti la kuwahesabu wapangaji. Pasipokuwa na sharti hilo, mwekezaji atauza nyumba zote 52 kwa bei ya soko, na sheria haitakuwa imevunjwa hata kidogo.

Wenzetu walipitia nini

Addis Ababa ndiyo iliyotangulia Afrika Mashariki kwa treni nyepesi ya mjini, iliyoanza Septemba 2015 ikiwa na njia mbili zenye jumla ya takriban kilomita 34. Wakati huo huo, nyumba za kukodi za serikali za mitaa zilizokuwa katikati ya mji ziliendelea kubomolewa, na wakazi wengi wakapata nyumba za ghorofa zilizojengwa pembezoni na kugawiwa kwa bahati nasibu. Nyumba zilikuwa bora kuliko za mwanzo, lakini zilikuwa mbali na kazi na mbali na treni.

Aidha, miaka michache baadaye treni nyingi kati ya 41 za mfumo huo zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri na matengenezo. Somo lake ni kwamba mji unaojengwa kuzunguka kituo hutegemea kituo hicho kiendelee kufanya kazi. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, ambao wamewahi kusota kwenye foleni za mwendokasi kutokana na uhaba wa mabasi, na kuona karakana ya Jangwani ikizama kwenye maji ya mafuriko, somo hilo halihitaji ufafanuzi.

Jijini Nairobi, mpango wa kuendeleza ekari 425 kuzunguka stesheni ya zamani ya reli ulizinduliwa Desemba 2022. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya shirika la reli, na hivyo mgogoro wa umiliki unaweza kuwa mdogo. Hata hapo, swali la wafanyabiashara wadogo wa masoko ya jirani limekuwa likijitokeza mara kwa mara.

Mambo ya kufuatilia

Kwa mkazi wa Buguruni, awe mmiliki au mpangaji, yapo mambo anayoweza kuyafanya sasa bila ya kusubiri mchoro.

Mwenye nyumba ahakikishe leseni ya makazi haijaisha muda wake, au aulize serikali ya mtaa kuhusu urasimishaji na upimaji. Asiuze kwa dalali kabla ya kupata thamani kutoka kwa mthamini aliyesajiliwa. Iwapo nyumba ni ya urithi, mirathi ikamilishwe mahakamani, kwa kuwa mirathi isiyofungwa ndiyo chanzo cha fidia nyingi kukwama.

Mpangaji adai mkataba wa maandishi na risiti za kodi, hata kama chumba ni kimoja. Siku ya kuorodheshwa, karatasi hiyo ndiyo ushahidi pekee kuwa aliishi hapo. Mwenye biashara ndogo ahifadhi kumbukumbu za mauzo na kitambulisho chake cha mjasiriamali, kama anacho.

Wote kwa pamoja wana haki ya kuhudhuria mikutano ya mtaa na kuuliza maswali ya msingi. Kituo kitawekwa wapi hasa? Kivuko cha waenda kwa miguu kitakuwa upande gani wa reli? Ghorofa ngapi zitaruhusiwa na kwa masharti gani? Nyumba ngapi za bei nafuu zitatengwa? Soko litahamishiwa wapi wakati wa ujenzi, na wafanyabiashara watarudi lini? Watoto wa Shule ya Viziwi, ambao hawawezi kusikia honi ya basi wala tangazo la kipaza sauti, watawekewa alama zipi za kuona?

Kwa upande wake, halmashauri inaweza kuanza na jambo lililo rahisi kuliko yote: kuhesabu kaya zote zilizomo ndani ya mita 500 za kila kituo, wenye nyumba na wapangaji, kabla ya kutangaza mpango wowote. Magomeni ilihesabu, na familia 644 zikawa na mahali pa kurudi. Kariakoo haikuhesabu, na leo hakuna anayeweza kusema waliokuwa wakipanga vyumba vile walikwenda wapi.